Nani Aliyeandika Menyu? Historia Fupi ya Mitandao ya Ndani ya Vyuo Vikuu na Nafasi ya Mwalimu wa Lugha

Utangulizi

Mhadhiri wa chuo kikuu kikubwa anayetafuta fomu ya likizo anaweza kupoteza asubuhi nzima. Huanzia kwa katibu muhtasi wa idara, akaelekezwa kwa mkuu wa kitivo, kisha utawala, na mwisho akaambiwa kwamba fomu hiyo hutolewa pale pale alipoanzia. Mtandao wa ndani wa watumishi, yaani intraneti, ulibuniwa ili kumwondolea mtu adha ya namna hii. Huu ni mtandao unaotumia teknolojia ya intaneti lakini ukafunguliwa kwa watu wa taasisi pekee. Hata hivyo, mara nyingi adha yenyewe huhama tu kutoka kwenye korido na kuingia kwenye skrini. Fomu huwa imo mtandaoni, ila imewekwa chini ya jina ambalo mhadhiri hangelifikiria kamwe.

Makala haya yanadurusu historia ya mitandao hiyo tangu miaka ya 1980, hasa Marekani na Uswisi ambako mingi ya misingi yake iliwekwa. Hoja yetu ni kwamba wepesi wa kuutumia mtandao wa ndani umetegemea maneno yaliyochaguliwa na mpangilio wake kuliko ulivyotegemea nguvu za mitambo. Ikiwa ndivyo, basi jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha, wala si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Miaka ya 1980: mlango mmoja kwa wote

Mwezi Mei 1983, chuo cha MIT, Marekani, kilianzisha mradi wa Athena kwa msaada wa kampuni za Digital na IBM. Mradi uliendelea hadi 1991. Lengo lake lilikuwa kumwezesha mtu aketi mbele ya kompyuta yoyote katika eneo la chuo, ajitambulishe, na akute mafaili yake kama alivyoyaacha. Leo hilo laonekana jambo la kawaida. Wakati ule kompyuta nyingi zilikuwa visiwa, kila kimoja na taratibu zake, na mtumiaji alilazimika kukariri amri za kila mtambo.

Mambo mawili ya Athena yanafaa kukumbukwa hapa. La kwanza ni Kerberos, utaratibu wa kumtambulisha mtumiaji bila kupitisha nywila yake waziwazi mtandaoni. Jina hilo ni la mbwa wa visasili vya Kiyunani, mwenye vichwa vitatu, anayelinda lango la kuzimu. Kutokana na utaratibu huo mtumiaji aliweza kujitambulisha mara moja, kisha akahudumiwa na mitambo mingi bila kuulizwa tena kila mahali. Mtumishi anayedaiwa nywila moja kwa hati ya mshahara, nyingine kwa maktaba na ya tatu kwa matokeo ya mitihani ataelewa uzito wa jambo hilo.

La pili lilikuwa huduma ya ushauri. Mtumiaji aliandika swali lake katika kompyuta, naye mshauri aliyekuwa zamu akamjibu. Maswali yaliyorudiarudia yaliandaliwa majibu yaliyohifadhiwa, ili mtu ajisomee mwenyewe. Tuliangalie hili kwa jicho la kiisimu. Majibu yale hayakupangwa kwa kufuata muundo wa ofisi za MIT. Yalitokana na maswali ambayo watu waliuliza kwa maneno yao wenyewe. Mbegu ya mtandao mzuri wa watumishi ilikwisha kupandwa, ingawa miaka mingi ilipita kabla ya watu kuitambua.

CERN na kitabu cha simu

Mwezi Machi 1989, Tim Berners-Lee, mtaalamu wa kompyuta katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, aliandika pendekezo kwa wakuu wake. CERN si chuo kikuu, lakini maelfu ya watafiti wanaofanya kazi huko hutoka katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Hoja ya Berners-Lee ilikuwa kwamba watu wengi walikaa kituoni kwa takriban miaka miwili tu, kisha wakaondoka na ujuzi wao. Mgeni aliyewafuata alihangaika kujua nani alifanya nini na maandishi yake yako wapi. Kwa maneno mengine, shida iliyozaa wavuti tunaoutumia dunia nzima ilikuwa shida ya ndani ya taasisi moja: kumbukumbu za kazi zilizokuwa zikipotea.

Kufikia mwisho wa 1990 wavuti wa kwanza ulikuwa ukifanya kazi. Je, watumishi wa CERN waliukimbilia? La. Wazo la kuunganisha nyaraka kwa viungo halikuwavutia wengi. Kilichowavuta ni kitabu cha simu. Orodha ya namba za simu za watumishi ilikuwa katika kompyuta kuu, na kuisoma kulihitaji kujitambulisha kwenye mtambo huo na kujua amri zake. Wapo waliokuwa wakibaki wameunganishwa na kompyuta kuu kutwa kwa ajili ya namba za simu tu. Orodha hiyo ilipounganishwa na wavuti, mtu yeyote aliweza kuipata kwa wepesi kutoka kwenye meza yake. Nicola Pellow, aliyekuwa mwanafunzi, alitengeneza kivinjari cha maandishi matupu kilichoweza kutumika katika karibu kila aina ya mtambo. Kwa muda fulani, watumishi wengi wa CERN waliujua wavuti kama njia ya kutafutia namba za simu, basi.

Funzo hapa ni wazi. Watumishi hawakuvutwa na teknolojia kwa ajili ya uzuri wake. Walivutwa na jibu la swali lao la kila siku. Mtandao wa ndani unaoanza kwa hotuba ya Makamu Mkuu wa Chuo na picha ya jengo la utawala haujajibu swali la mtu. Ule unaoanza kwa namba za simu umelijibu.

Fuko wa Minnesota

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota, mojawapo ya vyuo vikubwa zaidi nchini Marekani, kilikuwa na kamati ya kujadili mfumo wa habari wa chuo kizima. Kamati ilivutwa na mfumo uliojengwa juu ya kompyuta kuu, wenye mengi ndani yake, na majadiliano yakachukua miezi. Wakati huohuo, kikundi kidogo cha wataalamu waliohudumia watumiaji wa kompyuta ndogo za mezani, wakiongozwa na Mark McCahill, kilikuwa na mawazo tofauti. McCahill na mwenzake Farhad Anklesaria walitaka kitu chepesi: menyu za maandishi zilizopangwa ngazi kwa ngazi, pamoja na uwezo wa kutafuta neno ndani ya nyaraka. Baada ya wiki chache walikuwa na programu inayofanya kazi. Waliiita Gopher.

Jina lenyewe lina ladha ya lugha. Gopher ni mnyama mdogo wa Amerika ya Kaskazini anayechimba mashimo, mfano wa fuko wetu. Ndiye nembo ya timu za michezo za chuo hicho, na matamshi ya jina lake kwa Kiingereza yanakaribia sana maneno yenye maana ya kwenda kuchukua kitu. Programu ilikuwa ikifanya hayohayo: inachimba ndani ya mtandao na kukuletea ulichoagiza.

Kamati haikuipokea kwa furaha, kwani haikufanana na mfumo iliokuwa ikiufikiria. Lakini Gopher ilipowekwa kwenye intaneti bila malipo, vyuo vingine viliichukua haraka, na sifa zake zikarudi nyumbani zikitokea nje. Mwaka 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, walitengeneza Veronica, chombo cha kutafuta majina ya menyu za Gopher zilizotapakaa duniani.

Msomaji wa taaluma za lugha atafurahishwa na muundo wa menyu hizo. Katika maelezo rasmi ya itifaki ya Gopher, yaliyotolewa Machi 1993, kila mstari wa menyu ulikuwa na sehemu kadhaa. Mwanzoni ilikaa alama moja ya kuonyesha aina ya kitu: 0 kwa maandishi, 1 kwa menyu nyingine, 2 kwa kitabu cha simu, 7 kwa utafutaji. Kisha likaja jina la kusomwa na binadamu. Baada yake ikafuata anwani ya kusomwa na mashine. Jina na anwani vilitenganishwa kabisa. Anwani ingeweza kuwa ndefu na yenye herufi zisizosomeka, huku mtumiaji akiona maneno mawili matatu ya kawaida. Hata urefu wa jina ulitolewa ushauri: lisizidi herufi 70 hivi.

Utengano huo una maana kubwa. Mashine haijali kama kitu kinaitwa "Likizo" au "Kurugenzi ya Utawala, Sehemu ya Pili, Fomu Namba 4". Inafuata anwani tu. Kwa hiyo jina lote limebaki mikononi mwa mwandishi. Likiwa gumu, hakuna mtambo wa kulaumiwa.

Mti na utando

Mwanzoni mwa 1993 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitangaza kwamba baadhi ya wanaoendesha seva za Gopher, hasa wafanyabiashara, wangetakiwa kulipia leseni. Tangazo hilo liliwatia watu wasiwasi. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba programu ya wavuti ni mali ya umma, haina malipo. Mwaka huohuo kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, kiliwaletea watu wa kawaida maandishi na picha katika ukurasa mmoja. Mwaka 1994 wavuti uliipita Gopher kwa wingi wa matumizi.

Leseni na picha zilichangia, lakini palikuwa na tofauti nyingine ya ndani zaidi. Gopher ilikuwa mti: shina, matawi, vitawi. Fomu ya likizo ya uzazi ingekaa ama chini ya utawala, ama chini ya afya, ama chini ya mishahara, na asiyejua tawi lake alianza kupanda na kushuka. Wavuti ulikuwa utando, kama jina lake linavyodokeza. Neno lolote ndani ya sentensi yoyote lingeweza kuwa kiungo cha kuelekea kokote, na fomu moja ingefikiwa kwa njia tatu.

Utando nao ulikuja na kasoro yake. Gopher ilimlazimisha kila mtu kupanga, ilhali wavuti haukumlazimisha mtu. Neno intraneti lilipoenea katikati ya miaka ya 1990, idara nyingi za vyuo zilijitengenezea kurasa zake, kila moja kwa rangi na istilahi zake. Kilichotokea kilikuwa kimetabiriwa mapema. Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikwisha kuandika kwamba taasisi zinapobuni mfumo hujikuta zinanakili muundo wa mawasiliano uliomo ndani yake. Intraneti za vyuo zikawa picha ya ofisi za chuo. Aliyeijua ramani ya utawala aliona njia, na mgeni akapotea. Lakini mgeni ndiye aliyeuhitaji mtandao huo kuliko wote.

Kadi za karatasi

Dawa mojawapo ilitoka katika kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, California. Mwaka 1994 Jakob Nielsen na Darrell Sano walikuwa wakibuni intraneti ya watumishi wa kampuni hiyo. Badala ya kuwauliza wakurugenzi, waliandika aina za habari kwenye kadi za karatasi, kila kadi aina moja, na kuwapa watumishi wachache. Kila mmoja aliombwa apange kadi katika mafungu kama anavyoona yeye, kisha ayape mafungu hayo majina. Baadaye walijaribu pia alama za picha kwa kuwauliza watu wanadhani picha hii inamaanisha nini.

Njia hiyo haihitaji fedha nyingi wala umeme. Mwaka 2000 Nielsen alieleza kwamba majaribio ya watumiaji 5 tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro za mfumo, na mwaka 2004 akashauri watu wapatao 15 kwa zoezi la kadi, kwa kuwa watu hutofautiana sana katika kupanga mawazo yao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mtumishi mpya, aliyeajiriwa wiki iliyopita, ndiye mtahini bora wa mtandao wa ndani kwa sababu hajazoea makosa yake.

Mwanaisimu atatambua mara moja kinachofanyika katika zoezi hili. Ni utafiti wa semantiki: jinsi jamii ya wazungumzaji inavyogawa dunia yake katika mafungu na kuyapa majina. Mtafiti wa msamiati wa wavuvi au wakulima hufanya karibu hivyohivyo anapokwenda uwandani.

Na Kiswahili je?

Mwezi Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Uswidi. Kazi ile ilidhihirisha kwamba menyu ni utanzu wake wa uandishi. Kitenzi kinasimama peke yake, bila sentensi ya kukibeba. Nafasi ni ndogo. Je, kiwe katika hali ya kuamuru, au kitumike kitenzi-jina chenye ku-? Lugha yetu huambatisha viambishi, na neno moja lenye viambishi vingi laweza kujaza kitufe kizima.

Aidha, kuna suala la istilahi zinazoshindana. Kompyuta ni kompyuta Tanzania, lakini vitabu vingi vya Kenya husema tarakilishi, na wapo waliopendekeza ngamizi. Nywila na nenosiri hutumika kwa kitu kimoja. Katika mjadala wa darasani tofauti hizi ni utajiri. Katika menyu ya watumishi elfu kadhaa, neno likiwa hivi katika ukurasa mmoja na vile katika mwingine, mtumiaji atadhani ni vitu viwili.

Jambo hili huwa zito zaidi taasisi zinapoungana. Mwaka 2013 Rwanda iliunganisha taasisi 7 za umma za elimu ya juu na kuunda Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye kampasi katika sehemu mbalimbali za nchi. Miaka minne baadaye, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi. Si vigumu kuona maswali yanayozuka katika muungano wowote wa aina hiyo: kila chuo huja na jina lake la fomu ileile, na kila lugha rasmi huongeza jina jingine. Mtambo hauwezi kuamua jina lipi libaki. Ni lazima watu wakae, wasikilize watumiaji, na wakubaliane.

Hitimisho

Tumeona kwamba Athena ilianza kwa maswali ya watumiaji, CERN ikawavuta watu kwa kitabu cha simu, Minnesota ikatenganisha jina la binadamu na anwani ya mashine, na kadi za karatasi zikawarudishia watumishi haki ya kuyapa mambo majina. Katika kila hatua, kazi ngumu iliyobaki baada ya fundi kumaliza yake ilikuwa kazi ya lugha.

Hata hivyo, kamati za TEHAMA katika vyuo vingi huundwa bila mwalimu wa lugha hata mmoja. Anaitwa mwishoni, kurasa zikiwa tayari, asahihishe tahajia. Wakati huo mafungu yamekwisha kupangwa na majina kuchapwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tunapendekeza zoezi dogo kwa walimu wa semantiki na leksikografia. Wanafunzi wakusanye mambo 40 ambayo watumishi wa chuo huyatafuta mara kwa mara: hati ya mshahara, ratiba ya mitihani, bima ya afya, ukumbi wa mikutano, barua ya utambulisho na kadhalika. Wayaandike kwenye kadi kwa Kiswahili, kisha wawaendee watumishi 15 wa ngazi tofauti, kuanzia mhudumu wa ofisi hadi profesa, na kuwaomba wapange na kutaja majina. Waandike kila neno kama lilivyotamkwa, hata kama si sanifu. Matokeo yake yatakuwa data ya tasnifu kwa mwanafunzi, na yatakuwa rasimu ya menyu kwa chuo. Rasimu hiyo ipelekwe kwa kamati mapema, kabla fundi hajaanza kazi yake.